Mbwa Uliyemkataa Kabla Hujamwona

Nyumba ya Yaqoob,
Al Ansab, Maskati.
Ijumaa, 14 Novemba 1997

Mpendwa dada yangu Mahbuba,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, umeshakunywa chai yako ya maziwa mengi, na magoti yamekuruhusu kutoka kukaa barazani. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Joto limetuachia wiki mbili hizi, na jana kwa mara ya kwanza tangu Aprili nimelala bila ya kiyoyozi. Shemeji yako Yaqoob anakohoa kidogo, lakini anakohoa zaidi nikiwa karibu, kwa sababu anapenda ile chai ya tangawizi. Mwanangu Safwan yuko jangwani kwenye kazi yake ya mafuta, atarudi Jumatano, inshallah.

Na wewe je? Ile dawa ya kuchua niliyompa binamu yetu Nasriya akuletee, unaitumia au umeiweka kabatini kama kawaida yako? Majirani wa Gongoni hawajambo? Nasriya ameniambia mvua zilichelewa huko Tabora, ila karanga zimepatikana.

Khawla mwanangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama yako barua hii, kwa hiyo pokea salamu zako pekee, na hongera kwa kupewa darasa la saba. Sasa mwalimu, kaa karibu naye usome polepole, usiruke hata mstari. Akikwambia "hapo paruke," hapo ndipo pa kusoma mara mbili.

Asali imefika. Chupa mbili zimefika salama na ya tatu imefika ndani ya nguo za Nasriya. Bado hajanisamehe, ingawa aliyeifunga ni wewe, dada. Yaqoob anaila kwa kijiko, hataki hata mkate, na akimaliza anasema Waarabu wote waliorudi Oman walisahau kufungasha kitu kimoja tu, nyuki wa Tabora.

Haya, nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu. Viza yako imetoka, daktari wa macho amekubali kukuona wiki ya kwanza ya Disemba ili mpaka Ramadhani uwe umeshapona, chumba nimekipaka rangi, halafu unaniletea mistari minne. Huji. Huji kwa sababu Nasriya amekwambia nyumbani kwangu kuna mbwa, na wewe huwezi kulala nyumba yenye mbwa, na mimi mtoto wa Kiislamu sina haya. Khawla, mwandiko ni wako lakini maneno hayo nayajua yalikotoka.

Nilikasirika siku mbili, sikufichi. Siku ya tatu nikasema hapana, dada yangu anastahili kujua anachokikataa. Kwa hiyo leo, Ijumaa, Yaqoob kenda msikitini mapema, nimekaa na kalamu nikusimulie huyo mbwa mwanzo mpaka mwisho. Ukishamjua, tutazungumza juu ya jicho lako.

Jina lake Senta. Ni jike, ana miaka minne. Kichwa na masikio ni rangi ya kahawa iliyokolea, na mwili mweupe wenye vidoa vya kahawa tele, kama shuka lililotandikwa karibu na mtu anayepaka rangi mlango. Manyoya yake ni mafupi mno. Mkia nao mfupi, kwa sababu kwao Ujerumani wana desturi ya kuukata wakiwa wadogo, jambo ambalo silipendi na ningekuwepo ningewaambia.

Hakuja kwangu kwa kutaka kwangu. Mjerumani mmoja aliyekuwa kazi moja na Safwan mkataba wake ulikwisha mwaka jana, na huko kwao alikuwa anakwenda kukaa ghorofa ya tano, hakuna uwanja. Akamwachia Safwan mbwa, bakuli, kamba na kurasa tatu za maelezo. Safwan akaja naye mpaka getini akasema, "Mama, wiki mbili tu, mpaka nimpatie mtu." Sasa wewe unajua Safwan anakaa jangwani wiki mbili na nyumbani wiki mbili, kwa hiyo wiki mbili zake huwa zinakwisha na kuanza upya. Huu ni mwaka na miezi miwili.

Yaqoob alichukua mswala wake na chupa yake ya kahawa akahamia upande wa mbele wa nyumba, upande wa nyuma akaniachia mimi. Hapo nilijua mambo yamekuwa makubwa, maana upande wa nyuma ndiko uliko mndimu wake, na mndimu ule anausalimia kabla yangu.

Siku ya tatu Senta alitutia aibu, au tuseme tulijitia wenyewe. Nilimtoa asubuhi kwa geti dogo la nyuma, kule kwenye vichaka kabla ya kuteremka wadi, lile bonde la mto mkavu. Mara akasimama. Dada, alisimama kama aliyepigwa msumari. Mguu mmoja wa mbele kaukunja hewani, shingo kainyoosha, macho hayapepesi, na mwili mzima unatetemeka kidogokidogo. Namwita, hageuki. Navuta kamba, hasogei. Mimi, muuguzi wa miaka ishirini na mbili, nikajisemea moyoni: kifafa. Nikatazama saa yangu kama nilivyofundishwa. Dakika nne na nusu! Nikamkamata nikamlaza ubavu kama tunavyowalaza wagonjwa, na yeye akainuka akasimama palepale, mguu uleule juu.

Yaqoob alikuwa dirishani anatuchungulia. Akafungua dirisha akapiga kelele: "Mama Safwan! Huyo kapandwa na shetani! Wallahi kapandwa! Muwache hapo hapo, usimguse, nnamsomea!" Na kweli akaanza Ayatul Kursi kwa sauti kubwa, kutoka dirishani, kwa sababu kumkaribia hataki. Alipofika mwisho, kwale wawili wakaruka kutoka kichakani kwa kelele za mbawa, Senta akashusha mguu, akanitazama kama mtu aliyemaliza zamu yake. Yaqoob akafunga dirisha akasema, "Umeona? Wametoka. Na walikuwa wawili."

Mimi mashetani sikuyaamini, lakini kifafa nilikiamini. Nikafungua daftari. Siku tisa nzima niliandika: saa ngapi kashikwa, kwa dakika ngapi, mguu wa kulia au wa kushoto, alikula nini usiku wake. Siku ya kumi nikampeleka kwa daktari wa wanyama, Msudani mmoja mpole mwenye miwani minene, nikampa daftari kama nilivyokuwa nikimpa daktari wangu wodini. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, wala hakutabasamu. Kisha akaniuliza, "Ukhti, huwa kuna ndege karibu?" Nikamwambia ndege wapo kila mahali, wanahusu nini? Basi yule mtu akavua miwani, akacheka mpaka akakaa. "Huyu hana maradhi," akaniambia. "Huyu anafanya kazi yake, na wewe unamlaza chini."

Yeye ndiye aliyenisimulia asili yao, na Safwan akanifasiria zile kurasa tatu za Mjerumani. Zamani huko Ulaya, bunduki zilipokuwa bado si za kutegemea, watu wakiwakamata kwale kwa nyavu. Mbwa wa kawaida akinusa ndege anamrukia, ndege huyo juu, na wewe umebaki na wavu wako mkononi. Lakini walikuwepo mbwa wachache ambao wakinusa harufu husita kwanza, wakasimama kidogo. Wawindaji wakawachagua hao, wakawazalisha hao kwa hao, kizazi juu ya kizazi, mpaka kule kusita kukawa tabia ya kuzaliwa nayo. Mbwa akisimama, watu wanakuja taratibu na wavu wanawafunika ndege, na pengine wanamfunika na yeye. Inasemekana wengi wa mwanzo walitoka Spain.

Bunduki zilipokuwa nzuri, mbwa hawa wakaonekana wana faida zaidi. Wajerumani walikuwa na wa kwao, wazito, wenye pua nzuri na miguu mizito. Karne iliyopita wakawachanganya na wale wa Kiingereza wenye mbio, wakachuja, wakachuja tena, wanataka mbwa mmoja awatoshe kwa kila kitu. Awatafute ndege, asimame awaonyeshe, ndege akipigwa amlete mkononi bila ya kumtoboa, aogelee, afuate nyayo za paa aliyejeruhiwa, na jioni alale na watoto sebuleni. Huyo ndiye Senta. Mtaalamu wa mambo sita, kaja kukaa Al Ansab na mstaafu.

Tabia yake ni nzuri kupita nilivyotaka iwe. Hana makelele, hana ukali, ana akili za kukukera. Nikishika tu viatu vyangu vya mpira keshafika getini, nikishika vya harusini hainuki. Ubaya wake mmoja, hawezi kuachwa peke yake wala kukaa bila ya kazi. Mbwa hawa wameumbiwa kukimbia kutwa nzima, ukimfungia tu atajitafutia shughuli. Mwezi ule wa kwanza nilikwenda msibani Matrah siku tatu, Yaqoob akawa anamsukumia bakuli kwa fimbo ya ufagio na kumfungia. Niliporudi nilikuta nanaa yote imeng'olewa, mpira wa kumwagilia maji umekuwa vipande saba, na kiatu kimoja cha Yaqoob hakionekani. Hakukitafuna, alikizika chini ya mndimu. Shemeji yako alikwenda sala ya Ijumaa kwa kandambili za chooni, na imamu akamuuliza kama anaumwa miguu.

Kwa ulinzi ni hasara tupu, nakwambia kweli. Mtu wa mitungi ya gesi akija, Senta anafurahi mpaka mwili unajipinda. Mwizi akiingia nadhani atamwonyesha kabati lilipo.

Najua unangoja nifike kwenye dini. Nimefika. Mbwa wa kuwinda ameruhusiwa, hilo tulisoma chuo cha Kurani mimi na wewe. Lakini huku serikali imekataza kuwinda, nami naona ni vizuri, maana kwale wanapendeza wakiwa hai. Sasa Yaqoob akalishika hilo. Akamwendea shekhe wa mtaani kwetu baada ya Alasiri akamuuliza: mbwa wa kuwinda asiyewinda, hukumu yake nini? Shekhe akafikiri, akamuuliza analala wapi, nani anamhudumia, na uwanja wenu unalindwa na nani. Mwisho akasema rai yake ni kwamba akibaki nje na akalinda uwanja, haoni neno, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Kwa hiyo nyumbani kwetu Senta ameajiriwa mlinzi, na ile habari ya mtu wa gesi Yaqoob hajamfikishia shekhe.

Ndani haingii. Hajawahi kuingia hata siku ya mvua kubwa ya Februari, alilala bandani kwake na blanketi. Bakuli lake ni lake. Ninalo gauni moja la kijani linaloning'inia kwenye choo cha nje, hilo ndilo ninalovaa nikimhudumia, na nikimaliza nalivua hukohuko. Akinigusa kwa mdomo, nanawa mara saba, moja kwa udongo. Kopo la mchanga safi liko pembeni ya bomba, lilikuwa la maziwa ya unga. Chumba chako kiko mbele, upande wa Yaqoob, na katikati kuna ukuta wa matofali na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Ungekaa miezi mitatu usimwone, labda upande kiti uchungulie dirishani.

Kumtunza si kazi ndogo, lakini si kazi ya ajabu. Tunatoka baada ya Alfajiri, jua halijachomoza. Wakati wa joto nabandika mgongo wa kiganja changu barabarani kwanza, nikiona siwezi kuuacha, na yeye hatembei hapo, maana lami ya hapa inaunguza nyayo mpaka ngozi inatoka. Maji nayabeba mwenyewe kwenye chupa. Masikio yake yananing'inia, hayapati hewa, kwa hiyo kila siku nayafunua nayatazama na kuyafuta yawe makavu. Baina ya vidole nachambua miiba. Chakula kidogo asubuhi na kidogo jioni, wali na samaki wa kuchemsha bila ya chumvi wala pilipili, pamoja na zile tembe kavu za dukani. Akila hakimbii mpaka saa nzima ipite, maana vifua vyao virefu na tumbo likijaa upepo huweza kujipinda, na hapo daktari asipokuwa karibu ndiyo basi.

Tunakwenda mpaka kwenye uzio wa mabwawa ya maji ambako ndege hukusanyika wengi. Siku ya kwanza alipowaona ndege mamia kwa pamoja, hakujua asimame kwa yupi. Akazunguka, akazunguka, akalala chini. Nilicheka peke yangu njiani kama mwehu.

Nina raha, dada, nakwambia kweli. Nilipostaafu nilikuwa naamka saa kumi na moja kama zamani, nimejaa nguvu za kazi na sina wodi ya kwenda. Nilikuwa napanga vikombe. Sasa asubuhi zangu zina mahali pa kwenda. Sukari yangu imeshuka, magoti yangu mazima kuliko yako, na Yaqoob, ambaye bado yuko upande wa mbele, kila siku ananiuliza kupitia dirisha, "Mlinzi wako leo kawaona wangapi?" Nikimwambia watano, anaondoka ameridhika kama vile kawafuga yeye.

Huyo ndiye mbwa. Sasa nakuja kwako. Khawla, kunywa maji kwanza.

Dada Mahbuba, nani alikuwa akimpa yule mbwa Tomi ugali wa jana nyuma ya duka la Baba kule Sikonge, halafu anamwambia Mama kuku ndio walioula? Nani alikuwa akimtoa kupe masikioni kwa vidole vyake, kisha ananawa mara saba na kuniweka mimi, mtoto wa miaka mitano, nimhesabie nisikosee? Hesabu ile ya saba mimi nilijifunza kwako kabla sijafika chuoni. Hukuwahi kumwogopa mbwa maisha yako. Wala dini yako haikuwa ya kukimbia, ilikuwa ya kunawa.

Kwa hiyo mistari yako minne sikuweza kuimeza. Nilifanya kazi wodi ya macho miaka minne. Niliwaona watu wazima, wenye wajukuu, asubuhi ya kupasuliwa wakakumbuka kwamba wameacha bomba wazi nyumbani, au wana mgeni, au jino linawauma. Mzee mmoja aliniambia hawezi kuingia siku hiyo kwa sababu mbuzi wake anazaa. Sikumcheka hata mmoja wao. Mtu anayeogopa kisu mimi namjua akiwa bado yuko kwenye ngazi.

Wewe unaogopa kisu, dada yangu. Mbwa umemwokota njiani.

Si aibu. Mama pia aliogopa. Daktari wa misheni alimwambia njoo, akasema baada ya Idi. Baada ya Idi akasema baada ya harusi yako, na baada ya harusi yako akasema yeye ameshazoea. Mwaka themanini na tatu nilipokuja, alinishika uso kwa mikono miwili. Akapapasa paji, pua, kidevu, akasema, "Ndiye." Safwan alikuwa na miaka tisa, Mama akampima kimo kwa kiganja, akauliza kama ni mweupe au mweusi. Amekufa hajui mjukuu wake ana sura gani. Wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyekuwa ukimshika mkono kumpeleka uani. Na Nasriya, ambaye unamdhani ameleta fitina ya mbwa tu, amenieleza pia kwamba siku hizi unapapasa meza mpaka ukifikie kikombe. Hilo alilisema analia.

Sasa sikiliza, nasema kama muuguzi. Hawakulazi usingizi. Wanalitia jicho ganzi, unasikia watu wanazungumza, unaona mwanga, huoni kisu. Ni nusu saa, pengine haifiki. Msimamizi wa chumba cha kupasulia nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, nimeshamwomba nikae kichwani kwako, amekubali. Nitakushika mkono tangu unaingia mpaka unatoka, na ukitaka nihesabu, nitahesabu kwa sauti. Usiku mmoja jicho linafunikwa, asubuhi yake wanafunua.

Lakini umesema mbwa, na mimi sikusudii kubishana na wewe juu ya mbwa. Senta anaondoka. Kuna rafiki yake Safwan anaitwa Marhoon, ana shamba la mitende kule Yiti, pana nafasi na pana bahari, na ni mtu mwenye subira. Safwan akirudi Jumatano, Alkhamisi tunampeleka. Yote niliyokueleza juu ya masikio na nyayo na chakula nimemwandikia Marhoon pia, karatasi mbili, na juu kabisa nimeandika kwa herufi kubwa kwamba akisimama asimlaze chini.

Nimelia, ndiyo. Nimelia bandani, nimevaa lile gauni la kijani, na Yaqoob akajifanya anakohoa ili nisijue kwamba ananisikia. Sijui kama nitamrudisha baadaye. Mbwa wa aina hii hujifunga na mtu mmoja, na miezi mitatu si michache, huenda akawa wa Marhoon. Hilo nimeshalipima na nimelikubali. Sikwambii ili ujione mkosaji, nakwambia ili ujue kwamba si maneno ya barua tu.

Kwa hiyo utakapofika, nyumba yangu haitakuwa na mbwa. Ukiniandikia tena kwamba huji, itakubidi utafute mnyama mwengine, na mimi sina hata kuku.

Nipelekee salamu kwa Zakiya na watoto wake, kwa wote wa Gongoni wanaonikumbuka, na kwa Khawla ambaye koo limeshamkauka. Yaqoob anakusalimu na anasema njoo na asali, safari hii ifungwe na mtu mwengine. Safwan anakusalimu, anataka kukuonyesha bahari ya upande huu. Mola akuweke, akupe nguvu ya miguu ya kupanda ndege na nguvu ya moyo ya kuingia kile chumba, na anikutanishe na wewe tukiwa sote wazima.

Usinijibu habari za mbwa. Niandikie tarehe, basi. Mimi nimenenepa, nina mvi za mbele, na nimetia jino la dhahabu ambalo Yaqoob halipendi. Miaka kumi na minne hujaniona, Mahbuba. Nataka unitazame unicheke. Sitaki siku tukikutana unijue kwa kunipapasa.

Mdogo wako akupendaye,
Mahfudha